Asasi ya picha za sanaa isiyo ya faida: toleo la kuchangisha fedha, mkataba, karatasi na kabati

#1 Lenzi_50
Habari za jioni wanajukwaa. Uzi huu ni wa wenye uzoefu na picha za sanaa, si za harusi wala za magazeti. Nazungumzia picha inayochapwa ili itundikwe, ikusanywe na kutunzwa.

Tuchukulie asasi changa ya wanachama ishirini, iko pwani, haina jengo. Inataka kuuza toleo moja la picha kila mwaka (yaani picha moja inayochapwa kwa idadi maalumu ya nakala, basi) ili ijiendeshe bila kubisha hodi kwa wafadhili kila mwezi. Toleo liwe na nakala ngapi? Mpiga picha apate nini? Ichapwe kwenye karatasi gani, na itunzwe wapi kwa unyevu huu wetu? Naomba vipimo na namba.

#2 Daftari_Kuu
Mkuu, tuanze na neno lenyewe, maana linawapotosha wengi. Kutokuwa ya faida si kutouza. Asasi inaruhusiwa kuuza, ila ziada haigawanywi kwa wanachama, inarudi kwenye kazi. The Photographers' Gallery ya London, iliyofunguliwa na Sue Davies mwaka 1971, ina kitengo cha kuuza nakala, na faida yake inasaidia maonyesho. Aperture ilianza Marekani mwaka 1952 ikiwa na jarida tu, Minor White akiwa mhariri, na wapiga picha Ansel Adams na Dorothea Lange wakiwa miongoni mwa waanzilishi. Leo inauza vitabu na nakala zenye ukomo. Light Work ya Syracuse, ya mwaka 1973, ilichagua njia nyingine: inampa msanii mahali pa kufanyia kazi na posho. Kwetu Afrika kuna Market Photo Workshop ya Johannesburg, aliyoianzisha mpiga picha David Goldblatt mwaka 1989, na mguu inaosimamia ni mafunzo.

Chagueni mguu mmoja. Na msianze na jengo, narudia, msianze na jengo. The Friends of Photography ilizaliwa Carmel, California, mwaka 1967, ikiwa na Ansel Adams mwenyewe ndani yake. Mwaka 1989 ikahamia San Francisco na kufungua kituo kikubwa, na kufikia 2001 ilikuwa imefungwa kwa kulemewa na fedha. Kama jina zito kiasi kile halikuweza kuibeba, pango litawamaliza ninyi kabla ya onyesho la pili. Kabati zuri la picha na daftari lisilo na mapengo vinatosha kwa miaka mitatu ya mwanzo.

Usajili kwa kifupi: Tanzania Bara ni Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002, pamoja na marekebisho yake ya 2019. Zanzibar ina sheria zake. Kenya, tangu Mei 2024, inatumika Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013. Kwenye katiba andikeni wazi kwamba asasi inaweza kuuza kazi za sanaa ili kuendeleza malengo yake. Kifungu hicho kikikosekana, mkaguzi wa hesabu atauliza pesa hizi zimetoka wapi, na mhazini hatakuwa na pa kushika.

Sasa toleo. Ningeanza na nakala 15, na mbili za ziada za msanii: moja yake, moja ya hazina ya asasi. Bei ipande kadiri namba zinavyokwisha. Mfano wa hesabu, kiasi badilisheni wenyewe:

Namba 1 hadi 5 kwa Sh 300,000 = 1,500,000
Namba 6 hadi 10 kwa Sh 400,000 = 2,000,000
Namba 11 hadi 15 kwa Sh 550,000 = 2,750,000

Jumla ni 6,250,000. Kama nakala moja inagharimu 90,000 (karatasi, wino, bahasha, hati), nakala 17 ni 1,530,000. Zinabaki 4,720,000, nusu kwa mpiga picha, nusu kwa asasi, yaani 2,360,000 kila upande. Gharama zitolewe kwanza ndipo mgawane. Mkigawana kabla ya gharama, asasi inabeba mzigo wote peke yake, na toleo likiuzika kidogo inabaki na deni.

Alipwe ndani ya siku 30 tangu pesa ya mnunuzi iingie. Kumcheleweshea msanii pesa yake kunaua asasi haraka kuliko ukosefu wa wafadhili, kwa sababu habari hiyo husambaa mjini kabla ya barua yenu ya kuomba radhi.

#3 Lenzi_50
Shukrani sana mkuu. Je, picha hiyohiyo mpiga picha anaweza kuichapa kwa ukubwa mwingine na kuuza kwingine?

#4 Daftari_Kuu
Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Tafuteni habari za William Eggleston, mpiga picha wa Marekani. Machi 2012 nakala zake kubwa 36 za kidijitali ziliuzwa kwenye mnada wa Christie's, New York, kwa takriban dola milioni 5.9. Baadhi zilikuwa za picha zilezile ambazo zamani ziliuzwa kama matoleo yenye ukomo, kwa ukubwa mdogo na uchapaji mwingine. Mkusanyaji mmoja aliyekuwa nazo alimshtaki, akidai thamani ya zake imeshushwa. Mwaka 2013 mahakama ikaitupa kesi: nakala za ukubwa na uchapaji mwingine zilihesabiwa kuwa toleo jipya.

Sheria ilimlinda msanii. Lakini asasi inayoishi kwa imani ya wanunuzi wake haiwezi kusubiri kulindwa na mahakama. Mkataba useme tangu mwanzo: ukubwa wote utakaotolewa, idadi ya kila ukubwa, na jumla. "15 kwa sm 40 × 50, na 5 kwa sm 60 × 80, hakuna nyingine." Jumla hiyo iandikwe pia kwenye hati anayopewa mnunuzi. Jimbo la New York na California yana sheria zinazomtaka muuzaji wa picha za nakala nyingi aeleze mambo haya kwa maandishi. Kwetu hata kama hakuna wa kukushurutisha, fanya.

Hati iwe na: jina la mpiga picha, jina la picha, mwaka ilipopigwa, mwaka ilipochapwa (hivi viwili watu huvichanganya sana), karatasi na uzito wake (gsm, yaani gramu kwa mita mraba), aina ya wino, ukubwa wa picha na ukubwa wa karatasi, namba, saini. Na daftari la asasi liwe na mstari mmoja kwa kila nakala, si kwa kila picha. Hivi (4/15 ni nakala ya nne kati ya 15):

T03 | 4/15 | imechapwa 12/6 | pamba gsm 308 | imesainiwa 14/6 | sanduku B | imeuzwa 2/8 | risiti 0117 | msanii amelipwa 20/8

Nakala ikiharibika, mnunuzi airudishe, ichanwe mbele ya mashahidi wawili, ndipo ichapwe nyingine yenye namba ileile. Bila kuchana mtakuwa na 4/15 mbili duniani.

#5 KaratasiYaPamba
Naingia kwenye uchapaji. Anza na pikseli. Faili la megapikseli 24 lina 6000 × 4000. Kwa pikseli 300 kwa inchi unapata sm 50.8 × 33.9. Ukishuka hadi 240, ambayo kwenye karatasi isiyong'aa bado inapendeza, unapata sm 63.5 × 42.3. Mtu akileta picha ya megapikseli 12 akitaka upana wa mita moja, mwambieni ukweli mapema.

Pokeeni faili la TIFF la biti 16 (halipotezi ubora kama JPEG), lenye profaili ya rangi ndani yake, yaani maelezo ya jinsi rangi zake zinavyopaswa kusomwa. Faili likija bila profaili, rudisheni, msikisie.

Karatasi: pamba asilimia 100, gsm 300 au zaidi, isiyo na vimulikaji. Vimulikaji ni kemikali za kuifanya karatasi ionekane nyeupe kupindukia. Hufa polepole kwa mwanga, na karatasi inarudi kwenye rangi yake ya maziwa, lakini pale palipofunikwa na fremu panabaki peupe. Jaribio ni rahisi: ipeleke gizani, imulike kwa taa ya kukagulia noti bandia. Iking'aa bluu, ina vimulikaji vingi.

Wino uwe wa pigimenti (chembe za rangi, si rangi iliyoyeyushwa). Printa nyingi za kazi hii zina nyeusi mbili: ya karatasi isiyong'aa na ya karatasi inayong'aa. Ukikosea kuchagua aina ya karatasi kwenye programu, matokeo ni mawili. Nyeusi ya kung'aa kwenye karatasi isiyong'aa inatoka kijivu, haina kina. Nyeusi ya kutong'aa kwenye karatasi inayong'aa inabaki juu juu, na kidole kikipita inafutika.

Unyevu sasa. Pamba hunywa maji ya hewani. Ukiiacha nje ya mfuko usiku mmoja wakati wa masika, asubuhi kingo zimenyanyuka, na kichwa cha printa kinazigonga: unaona mistari myeusi pembeni, na unaweza kuua kichwa chenyewe. Chumba kiwe na unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Karatasi ikae ndani ya mfuko wake wa plastiki, utoe moja moja. Ikitoka stoo yenye joto kuja kwenye chumba chenye kiyoyozi, ikae humo saa 24 ikiwa imefungwa.

Msichape zote 15 kwa pamoja. Chapa ya majaribio kwanza, rekebisha, chapa tena. Ile ambayo mpiga picha anairidhia asaini nyuma "nakala ya kulinganishia", nayo haiuzwi kamwe. Kisha chapeni tano. Zikiisha, tano zijazo zilinganishwe na ile chini ya taa ileile. Pamoja nayo hifadhini karatasi ndogo yenye jina la faili, profaili, aina ya karatasi iliyochaguliwa na toleo la programu. Bila hayo, namba 6/15 itakuwa na kivuli cha kijani na hakuna atakayejua kwa nini.

Baada ya kuchapa, nakala ilale saa 24 chini ya karatasi safi isiyo na asidi kabla ya kuingia kwenye fremu. Wino una vimiminika vinavyokauka taratibu. Ukiuharakisha, baada ya wiki mbili utaona ukungu mweupe ndani ya kioo, na umbo lake linafuata sehemu nyeusi za picha.

#6 Pwani_Kusini
Swali dogo. Kwenye skrini picha ina mwanga mzuri, ikichapwa inakuwa giza. Tatizo ni printa?

#7 KaratasiYaPamba
Mara nyingi ni skrini. Zinatoka kiwandani zikiwa kali mno. Shusha hadi kandela 80 hadi 120 kwa mita mraba kwa kifaa cha kupimia, zuia mwanga wa dirishani, kisha tazama picha kwa profaili ya karatasi ile utakayotumia. Na nakala yenyewe itazame chini ya mwanga wa maonyesho, si chini ya balbu ya korido.

#8 ChumbaChaGiza
Naongezea wanaochapa kwa chumba cha giza, maana bado wapo na wanunuzi wanawathamini. Karatasi ya nyuzinyuzi yenye tabaka la barita (madini meupe chini ya jelatini), si ile ya plastiki. Kosa kubwa kwetu ni maji. Dawa ya kukuza inataka nyuzi 20, na maji ya bomba pwani hufika 28. Dawa ikipata joto inakimbia, vivuli vinajaa upesi, na ngozi ya jelatini inalainika hadi kucha inaichuna. Weka trei ndani ya beseni kubwa lenye maji, na chupa za plastiki zilizogandishwa zielee ndani ya beseni, zisiingie kwenye dawa.

Dawa ya kudumisha iwe trei mbili, nusu ya muda kila moja. Ya kwanza ikichoka, ya pili inachukua nafasi yake na dawa mpya inatengenezwa kuwa ya pili. Kisha suuza, tia kwenye dawa ya kuondoa "hypo" (mabaki ya dawa ya kudumisha), halafu osha dakika 30 kwa maji yanayobadilika. Bila dawa hiyo, saa nzima. Hypo ikibaki ndani ya nyuzi, picha inatoka nzuri, inauzwa, na baada ya miaka michache madoa ya kahawia yanaanza kwenye sehemu nyeupe. Wakati huo jina litakalochafuka ni la asasi, si la sinki.

#9 FremuNaKioo
Wakuu, kazi yote hiyo hufia kwenye fremu. Naona nakala za pamba zimebandikwa pande zote nne kwa tepu ya mafundi rangi. Karatasi hutanuka na kusinyaa kila unyevu unapobadilika. Ukiifunga pande zote haina pa kwenda, inapiga mawimbi. Gundi ya tepu nayo inahamia kwenye karatasi na kuacha doa la rangi ya chai lisilotoka.

Njia sahihi: vishikizo viwili tu, upande wa juu, vya karatasi ya Kijapani, kwa gundi ya wanga wa ngano. Wanga kipimo kimoja, maji vipimo vinne hadi vitano, moto mdogo dakika 20 hadi 30 ukikoroga bila kuacha, hadi uji mzito uanze kupitisha mwanga. Upoe, uchujwe. Hukaa siku chache kwenye friji. Ukinuka uchachu, mwaga. Paka kidogo sana, weka karatasi ya kunyonya maji juu, kisha uzito, uache ukauke kabisa. Kishikizo kiwe chepesi kuliko nakala, ili fremu ikianguka kichanike chenyewe na nakala ibaki salama.

Mbele ya nakala kuna kadibodi ya dirisha, isiyo na asidi, unene wa mm 1.4 hivi. Kazi yake si urembo tu: inaitenga picha na kioo. Picha ya jelatini ikigusa kioo kwenye unyevu inashika, na ukiivuta unabaki na ngozi kwenye kioo. Dirisha liache mm 5 kuzunguka picha ili saini na namba zionekane.

Nyuma ya fremu bandika vipande vya mpira vya mm 5 kwenye pembe za chini ili hewa ipite. Na wenye maonyesho Mji Mkongwe, Lamu au Mombasa ya zamani: ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua, na hutoa chumvi na maji. Usitundike kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Tumia kuta za ndani au mbao za kusimama. Nyuma ya nakala pia usiweke mbao za kushindiliwa kiwandani moja kwa moja, zinatoa asidi.

#10 Pwani_Kusini
Vipi kuweka vifuko vya silika (vya kunyonya unyevu) ndani ya kila fremu? Naona vinauzwa bei ndogo.

#11 FremuNaKioo
Sishauri. Fremu ya kawaida haijazibwa, kwa hiyo kifuko kinajaa maji ndani ya siku chache, na baada ya hapo ni sponji iliyolala mgongoni mwa picha. Silika ina maana kwenye sanduku lililozibwa tu.

#12 Hazina_ya_Picha
Nakazia hapo, tuingie kwenye kabati. Kuvu huhitaji unyevu wa zaidi ya asilimia 60 hadi 65 kwa muda. Lenga 50 na usiyumbe. Kosa la ofisi nyingi ni kuwasha kiyoyozi mchana na kukizima saa kumi na moja jioni. Usiku hewa yenye maji inaingia na kukuta kuta na makaratasi ya baridi, na maji yanatua juu yake. Bora mashine ya kukausha hewa, ile ya kompresa, kwenye chumba kidogo kilichozibwa madirisha, ikiwekwa 50 na kufanya kazi saa 24. Ifungwe mpira wa kutolea maji hadi nje. Ukitegemea ndoo yake, itajaa Ijumaa usiku, mashine itajizima, na Jumatatu utakuta 80.

Umeme ukikatika sana, tumieni masanduku ya plastiki ya polipropilini yenye mpira kwenye kifuniko. Lita 50 kwa gramu 500 za silika, na kipima unyevu kidogo ndani. Chagueni silika ya rangi ya chungwa, si ya bluu, ile ina kobalti ambayo ni sumu.

Ndani ya sanduku, kila nakala na karatasi yake ya kutenganisha. Mifuko ya albamu ya PVC isikaribie: inatoa mvuke unaoshambulia picha. Poliesta au polipropilini ni sawa. Mkinunua kadibodi na bahasha kutoka nje, ulizeni kama zimepita jaribio la ISO 18916, linalopima kama zinaidhuru picha. "Haina asidi" peke yake haitoshi. Na picha za bluu za sayanotaipu zisiwekwe kwenye karatasi iliyotiwa chokaa, alkali inazififisha.

Jambo moja la mikono. Mtu akiinua nakala ya sm 60 kwa pembe moja, karatasi inajikunja kwa uzito wake, na unabaki mkunjo mdogo wa umbo la mwezi mchanga, urefu wa kucha. Ukiitazama mbele huuoni. Igeuze kidogo kwenye mwanga wa pembeni, huo hapo, na hauondoki tena. Nakala hiyo haiuziki. Mikono miwili, pembe mbili zinazokabiliana, kila mara, hata kwa hatua moja ya mezani.

#13 Lenzi_50
Hii ni hazina kweli. Namna ya kupata picha ya toleo: tuite watu walete, na tuwatoze ada?

#14 Mwamuzi_Tatu
Ada inaleta pesa, lakini inawafungia nje vijana ambao ndio mnawatafuta. Naona ni bora iwe bure hadi picha tano, na asasi itafute fedha kwenye mauzo.

#15 Daftari_Kuu
Natofautiana kidogo na mkuu hapo juu. Bure kabisa huleta mafuriko ya picha zisizochujwa, na waamuzi wanachoka kufikia ya mia tatu. Ada ndogo kwa asiye mwanachama, bure kwa mwanachama na mwanafunzi.

#16 Mwamuzi_Tatu
Kwa mwanafunzi kuwa bure, nakubali. Basi yazingatieni haya. Waamuzi watatu, mmoja awe wa nje ya mji. Majina yafichwe: faili liitwe kwa namba, na katibu peke yake awe na orodha. Kila mwamuzi atoe alama 1 hadi 5 akiwa peke yake kabla ya kikao. Wakianza kwa kukaa pamoja, mwenye sauti nzito ndiye anayechagua.

Faili la kuchujia: JPEG, upande mrefu pikseli 2000. Lisitumwe kama picha ya kawaida ya WhatsApp, maana linabanwa na taarifa zake zinafutwa. Litumwe kama dokumenti au kwa barua pepe. Kabla ya kutangaza mshindi, ombeni faili asilia la kamera. Kuna picha nzuri kwenye skrini ambayo ikifunguliwa kwa ukubwa wake inaonekana ni robo tu iliyokatwa kutoka kwenye picha nzima, na haiwezi kufika sm 50.

Na hakimiliki, tafadhali sana. Masharti yenye maneno "picha zote zitakazotumwa ni mali ya waandaaji" ni unyang'anyi, hata kama aliyeyaandika aliyanakili tu. Andikeni hivi: hakimiliki inabaki kwa mpiga picha, asasi inaruhusiwa kuitumia picha kutangaza onyesho hili na toleo hili kwa miaka miwili, jina lake likitajwa kila mara. Picha yenye sura ya mtu anayetambulika, hasa mtoto, iwe na ridhaa ya maandishi kabla ya kuuzwa.

#17 Pwani_Kusini
La mwisho kutoka kwangu: urefu wa kutundika na mwanga?

#18 FremuNaKioo
Kitovu cha picha kiwe sm 150 kutoka sakafuni, kwa picha zote, kubwa na ndogo. Msumari: 150, jumlisha nusu ya urefu wa fremu, toa umbali kutoka juu ya fremu hadi waya uliovutwa. Fremu ya sm 60 yenye waya unaoshuka sm 6: 150 + 30 − 6 = 174. Pima waya ukiwa umevutwa kwa kidole katikati, si ukiwa umelegea, la sivyo safu nzima itakaa mistari tofauti.

Mwanga: laksi (kipimo cha mwanga unaofika kwenye picha) 100 hadi 150 kwa wino wa pigimenti, 50 kwa picha za zamani na za rangi za chumba cha giza. Taa za LED zenye uaminifu wa rangi (CRI) wa 90 kwenda juu, kelvini 3000, zielekezwe kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka wima ili kivuli cha fremu kisishuke juu ya picha. Kama kuna dirisha la baharini, funga pazia kabla ya kupima. Saa tisa alasiri mwanga wake unaweza kupita laksi elfu moja kwenye ukuta wa mbele yake.